Mshale Uliokataa Kushuka

Kila alipotoka shuleni, Chiriku alivua sare, akaitundika msumarini, akala kilichofunikwa mezani, kisha akaingia gereji. Haikuwa safari ndefu, kwa kuwa mlango wa jikoni ulifungukia humohumo. Beseni la nati na bolti lilikuwa likimsubiri pembeni, mafuta meusi yakielea juu. Alizisugua moja moja kwa mswaki mkuukuu huku akimsimulia mama yake yote yaliyotokea darasani, nani kacheka, nani kachekwa, na jinsi mwalimu wa hisabati alivyopiga chafya hadi miwani ikaruka. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili hakuitwa Chiriku bure. Mdomo wake haukujua likizo.

Mama yake ndiye aliyekuwa fundi wa gereji hiyo. Wateja walimwita Mama Spana, naye hakuchukia. Alikuwa mwanamke wa utani na vicheko, ila kulikuwa na jambo moja asilolifanyia mzaha. Juu ya ubao wa spana aliandika kwa rangi nyekundu: ANAYEGUSA GARI BILA KUAMBIWA HAPANDI GARI. Sheria hiyo ilimhusu kila mtu, hata baba, ambaye kazi yake ilikuwa kuoka mikate na aliyeogopa spana kuliko moto wa tanuri.

Katikati ya gereji alisimama Ajuza. Hilo lilikuwa gari la porini la zamani sana, lenye umri mkubwa kuliko mama mwenyewe, lenye taa mbili za duara na bodi ya kijani iliyopauka. Ajuza alikuwa mali ya shangazi, dada yake baba. Aliletwa pale akiwa amekokotwa kwa kamba, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma, na mama akamfufua kipande kwa kipande. Sasa alinguruma vizuri, na Jumamosi alikuwa na kazi.

Jumamosi palikuwa na shindano la magari ya zamani. Halikuwa shindano la kukimbia. Kila gari lilipewa karatasi ya njia na mwendo wa kushika, hapa arobaini, pale thelathini, na mshindi ni yule aliyefika karibu zaidi na saa aliyopangiwa. Ukiwahi unapoteza, ukichelewa unapoteza. Simu zote ziliachwa mwanzoni. Dereva aliendesha, msoma njia aliyekaa kando yake alisoma karatasi na kumwongoza, na wote wawili walitegemea kitu kimoja kidogo kilichopo kwenye dashibodi, yaani spidomita, kipima mwendo.

Dereva wa Ajuza alikuwa shangazi. Msoma njia, kwa mara ya kwanza, alikuwa Chiriku. Kanuni za shindano zilimkataza mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili, na alikuwa ameingoja siku hiyo tangu akiwa hana meno ya mbele. Alijifunza kusoma ramani mpaka akawa anaota njia panda. Wenzake shuleni waliambiwa habari hizo mpaka wakaziba masikio.

Alhamisi jioni shangazi alikuja kulijaribu gari.

"Haya, msoma njia, panda!" alisema akipiga honi. "Tukalizungushe mpaka kwenye machimbo ya mawe turudi."

Chiriku aliruka ndani. Mbele yake palikuwa na kishubaka kipya cha mbao chini ya dashibodi, kizuri, chenye nafasi ya ramani na chupa ya maji. Hakukiuliza, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye spidomita. Ajuza alitoka mtaani, akashika barabara ya vumbi, na mshale ukaanza kupanda. Lakini haukupanda kistaarabu. Uliruka hadi ishirini, ukarudi kumi, ukaruka tena hadi thelathini, ukitetemeka.

"Mbona unacheza ngoma huu?" shangazi akauliza.

Kabla Chiriku hajajibu, mshale uliruka moja kwa moja hadi mwisho wa namba ukaganda hapo. Shangazi alikanyaga breki. Ajuza akasimama, vumbi likawapita, mbuzi mmoja akavuka barabara mbele yao bila haraka, na bado mshale ulisema wanakimbia kuliko ambulensi.

Shangazi alicheka. Chiriku hakucheka.

Alijua kitu. Jumanne, mama alipokwenda kununua vipuri, Chiriku alikuwa peke yake gereji, na furaha ilikuwa imemjaa hadi kooni. Alitaka Ajuza awe laini kama hariri. Aliwahi kumwona mama akipaka grisi kebo ya spidomita ya gari la mteja, ule waya mrefu unaozunguka ndani ya ganda lake kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye dashibodi. Basi akafungua nati ya juu, akachomoa waya wa ndani, akaupaka grisi. Hakuipaka kidogo. Aliipaka kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa mtu mwingine, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, kisha akaurudisha na kufuta alama zote kwa tambara.

Waliporudi, mama alisikiliza maelezo huku akifuta mikono.

"Unacheza, kisha unaganda," alirudia polepole. "Jumatatu ulikuwa mzima. Nani kaigusa spidomita hii?"

Chiriku alitazama yale maandishi mekundu. ANAYEGUSA HAPANDI. Akaona kiti cha msoma njia kikimponyoka.

"Si mimi, mama," alisema.

"Wifi?"

"Mimi? Mimi na spana wapi na wapi, wifi yangu?" shangazi alijibu, akiangalia dari.

Mama alikunja uso. "Kama hakuna aliyegusa, basi tatizo limeanzia chini. Ile gia ndogo inayozungusha kebo pale kwenye giaboksi imekula meno. Tutaifungua."

Kazi ikaanza. Ajuza aliinuliwa gurudumu moja la nyuma kwa jeki, magurudumu mengine yakawekewa mawe. Mama alilala chini kwenye gunia na kumwaga mafuta ya giaboksi kwenye karai. Kesho yake, Chiriku aliporudi kutoka shuleni, alimkuta mama bado yuko chini ya gari, uso umejaa mafuta, akihangaika na bolti iliyoshika kutu. Shangazi alikuwa amerudi kuulizia gari, na baba aliacha unga wake akaja kushika taa. Bolti ilipokubali kutoka, mafuta yaliyobaki yalimmwagikia mama shingoni.

"Lete tambara," alisema.

Chiriku alileta. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuzisugua nati ambazo zilikuwa zimeshang'aa.

"Leo redio imekufa betri?" baba alitania. "Hata mwalimu wa hisabati hajapiga chafya?"

Chiriku alitabasamu kwa shida.

Mama alitoka chini ya gari akiwa na ile gia mkononi. Aliiosha kwa petroli, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaigeuza huku na huku. Meno yake yote yalikuwa mazima na makali.

"Nzima," alisema. Alikaa chini pale pale sakafuni, na kwa mara ya kwanza alionekana amechoka kweli. "Basi ubovu uko ndani zaidi. Ile gia kubwa inayoizungusha hii. Wifi, nisikilize. Ili niifikie lazima giaboksi yote ishuke. Ikishuka leo, haipandi kesho. Na bila spidomita hawataturuhusu hata kusogea kwenye mstari. Shindano tulisahau."

Shangazi aliinamisha kichwa. Alikuwa ameshavaa fulana mpya aliyoishona mwenyewe kwa ajili ya kesho, yenye picha ya Ajuza kifuani. Aliikunja pindo kwa vidole, akaikunjua, akaikunja tena.

"Basi, Mungu akipenda mwakani," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

Chiriku alimtazama shangazi, akamtazama mama na shingo yake yenye mafuta, akahesabu haraka kichwani. Akinyamaza, hakuna atakayekwenda. Akisema, yeye hataenda, lakini shangazi anaweza kumpata msoma njia mwingine. Hesabu haikuwa ngumu. Kilichokuwa kigumu ni kufungua mdomo, yeye ambaye mdomo wake ulikuwa haujawahi kukataa kufunguka.

"Mama, usishushe giaboksi!" Maneno yalitoka yote kwa mkupuo. "Ni mimi. Nilipaka kebo grisi. Jumanne. Niliipaka yote, juu hadi chini, nilitaka Ajuza awe mzuri. Nilikudanganya. Mwache shangazi aende, mimi nitabaki."

Baba alizima taa bila sababu, kisha akaiwasha.

Mama alimgeukia binti yake. Alikasirika, na hakuificha. "Siku nzima nimelala kwenye mafuta," alisema. "Siku nzima, nikitafuta ugonjwa mguuni kumbe mgonjwa anaumwa kichwa. Nipe bisibisi."

Alichomoa spidomita kutoka kwenye dashibodi, akainua taratibu ukingo wa chuma unaoshika kioo, na wote wakainama kuchungulia. Ndani palikuwa na kikombe chembamba cha chuma kinachozungushwa na sumaku bila kugusana nayo. Sasa vilikuwa vimegandana kwa grisi, kama vidole vilivyoshika uji.

"Waya wa kebo umesokotwa kama skrubu," mama alieleza, na hasira yake ilikuwa imeanza kugeuka kuwa somo, kama kawaida yake. "Ukizunguka, unapandisha grisi juu yenyewe. Ndiyo maana tunapaka kidogo tu, na sehemu ya juu tunaiacha kavu. Wewe uliona nusu ya kazi ukadhani umeona yote. Lete pamba na spiriti."

Hapo ndipo joto la kazi lilipoingia tena gereji. Chiriku alisafisha waya kwa tambara mpaka ukawa mkavu. Mama alisafisha kikombe kwa pamba iliyozungushwa kwenye njiti, akishika pumzi. Gia ndogo ikarudi mahali pake, mafuta yakajazwa, kebo ikafungwa. Baba akapewa kazi ya kuzungusha gurudumu lililoinuliwa.

"Zungusha, baba Chiriku! Kaza mkono, huo si unga!"

Baba alizungusha huku akihema. Mshale ukapanda. Alipoacha, ukashuka hadi sifuri. Chiriku alipiga kelele za furaha akaruka juu, akarukia mgongo wa shangazi.

"Tulieni," mama akasema. "Zungusha tena, polepole."

Mshale ulipanda kumi, ukaruka, ukarudi tano, ukaruka. Haukuganda tena, lakini bado ulicheza.

"Hili silielewi," mama alisema akijikuna kidevu kwa bisibisi. "Grisi inagandisha. Grisi haichezeshi. Mshale ukicheza hivi, kebo imekunjwa mahali. Lakini njia ya kebo niliipanga mwenyewe, na hakuna aliye..."

Shangazi alikohoa.

Alikohoa kikohozi kisicho na kifua wala mafua. Wote wakageuka kumtazama.

"Wifi," alianza, "kile kishubaka cha ramani..."

"Kile ulichosema utakileta nikufungie?" mama aliuliza.

"Nilikuja nikakuta hupo. Nikakifunga mwenyewe. Kulikuwa na kiwaya fulani kinanizuia nyuma yake, nikakisukuma pembeni, nikakifunga kwa kamba ya chuma kisinisumbue." Shangazi alizungumza kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani. "Nilitaka mtoto apate pa kuweka maji yake."

Mama alipitisha mkono nyuma ya kishubaka, akapapasa, kisha akafumba macho. Kebo ilikuwa imepindwa kama kiwiko cha mkono.

"Kebo haipendi kona kali," alisema akiwa bado amefumba macho. "Waya unakwama kwenye kona, unajikusanya, kisha unajirusha. Ndiyo hiyo ngoma yenu. Wifi yangu, mtu mzima na akili zako, nimekuuliza jana mbele ya mwanao, ukaangalia dari!"

"Niliyaangalia maandishi yako," shangazi alijitetea. "Yanatisha yale."

Ile kamba ya chuma ilikatwa. Kishubaka kikasogezwa upande wa pili, kebo ikarudishwa kwenye vibanio vyake, ikapita kwa mpindo mpana na wa taratibu. Baba alitema mate viganjani akashika gurudumu. Mshale uliondoka sifuri, ukapanda kumi, ishirini, ukatulia palepale bila hata kutikisika. Aliongeza nguvu, ukapanda. Aliacha, ukashuka kama mtu anayeshuka ngazi. Chiriku alishindwa kupumua kwa furaha, kisha akakumbuka, na furaha ikamkatikia njiani.

Baba ndiye aliyelisema. "Sasa nauliza tu. Anayegusa hapandi. Dereva kagusa, msoma njia kagusa. Kesho nani anaendesha? Au niende mimi na mikate yangu?"

Mama alitazama maandishi yake. Kisha akachukua tambara, akalichovya kwenye petroli, akapanda kwenye ndoo na kuyafuta.

"Niliiandika sheria hii ili watu wasiharibu," alisema akishuka. "Kumbe iliwafundisha kuficha. Mmoja kaficha nusu, mwingine kaficha nusu, na mimi nikabaki natengeneza kilicho kizima. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hata mgonjwa husema haraka kama haogopi daktari. Kuanzia leo, anayegusa aseme. Na anayesema, tutatengeneza pamoja." Akamnyooshea Chiriku bisibisi. "Usidhani umepona. Karai la mafuta, gunia na sakafu yote, kazi yako na shangazi yako. Sasa hivi. Kisha mlale mapema, kesho mna safari."

Sakafu ya gereji haijawahi kuoshwa kwa nderemo kama ilivyooshwa jioni ile.

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa magari ya kila rangi, mengine yakitoa moshi, mengine yakisukumwa. Mkaguzi alichungulia breki, taa na spidomita ya Ajuza, akagonga bodi mara mbili, akasema, "Nendeni." Bendera ilipoanguka, Chiriku aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa karatasi.

"Arobaini, shangazi! Shika arobaini!"

"Nimeishika!"

Na kweli mshale ulisimama kwenye arobaini kama umepigwa msumari. Walipita machimbo ya mawe, wakapita daraja la mbao, wakaanza kupanda vilima, vumbi likiingia kila tundu la Ajuza. Chiriku alisoma kila kona kwa sauti kubwa. Kushoto penye tangi. Thelathini hadi kwenye mti uliokatwa. Kulia penye ukuta mweupe. Shangazi alikata kulia.

Muda mfupi baadaye Chiriku alitazama namba za umbali chini ya mshale, akatazama karatasi, akatazama tena. Hazikulingana. Ukuta mweupe ulikuwa wa pili, siyo wa kwanza. Alikuwa amemwingiza shangazi njia isiyo yake.

Kwa muda mfupi akili ilimwambia asubiri, labda njia zitaungana mbele, labda shangazi hatajua. Aliijua sauti hiyo. Ndiyo iliyomshika ulimi siku ile mama alipouliza.

"Simama, shangazi! Nimekosea! Ulikuwa ukuta wa pili!"

Shangazi hakuuliza wala hakugomba. Alikanyaga breki, akazungusha usukani kwa mikono miwili, Ajuza akageuka akipanda kingo za barabara. "Tumepoteza kiasi gani?"

"Kidogo! Tukishika arobaini na tano mpaka daraja la pili tutaifidia, halafu turudi kwenye arobaini!"

"Nisomee mshale, macho yangu yako barabarani!"

"Arobaini na nne... na tano! Hapo hapo!"

Saa zilipohesabiwa mwisho wa njia, walikuwa wa tatu. Gari moja lililotangulia kuondoka lilipotea kabisa, likafika watu wakiwa wameanza kukunja meza. Shangazi alicheza na fulana yake ya Ajuza mbele ya kila aliyetaka kutazama na hata wasiotaka. Baba aligawa mikate. Mama alipenya katikati ya watu, akamkumbatia Chiriku na vumbi lake lote.

"Wifi ameniambia mlipotea," alisema.

"Ni mimi nilikosea, mama."

"Najua. Na najua ulisema palepale." Mama alimshika mabega akamtazama usoni. "Sikiliza, mwanangu. Hakuna fundi asiyekosea, hakuna dereva asiyekosea. Kosa likisemwa njiani, unageuza gari na bado unafika. Likifichwa, kila hatua unayopiga inakupeleka mbali zaidi, na unawabeba na wenzako. Ukweli ndio unaoanza kufungua kila kilichoharibika. Bisibisi hufuata baadaye."

Kisha akakaa kwenye bampa la Ajuza, akamvuta binti yake karibu, akaikunjua ramani magotini.

"Haya," alisema, "nionyeshe ulikosea wapi."

Chiriku aliweka kidole chake chenye vumbi juu ya ukuta wa kwanza, akaanza kusimulia.